Kapitale ya Dakota ya Kusini

Enzi zile zetu, wenzangu muliokwenda shule miguu wazi katika baridi ya milima ya Mushaki, munakumbuka vile asubuhi ilikuwa inanuka: moshi ya kuni mbichi, maziwa, mavi ya ng'ombe iliyolowa ukungu. Mama alikuwa anatutilia viazi mbili za moto katika mifuko ya kaptula, moja kila upande. Siyo za kula kwanza. Zilikuwa za kupasha vidole njiani, na ukifika shuleni njo unazikula, zimeshapoa na zimeshika uchafu wa mufuko. Watoto wa leo wanavaa jaketi na soksi, na bado wanasema baridi iliwazuia kufanya devoir, kazi ya shule ya nyumbani. Basi, tuwaachie. Nimechoka kugombana na watoto.

Mimi sikusoma sana. Mwaka wa ine papa alinitoa kwa sababu ya ng'ombe. Nilichotoka nacho shuleni ni kusoma pole pole, kuandika hivi munavyoona, na kapitale za Amerika, miji mikuu ya majimbo yake. Mutauliza Amerika ilifika Mushaki namna gani. Ilifika ndani ya ramani ya kitambaa, padri mumoja aliyekuwa anarudi kwao alituachia, na panya walikuwa wameshakula Florida yote. Mwalimu wetu, Mwalimu Kibira, aliitundika juu ya ramani ya inchi yetu, akaifunika. Alikuwa muntu wa Walikale, muntu wa pori, baridi yetu ilimushinda. Alivaa shemizi mbili, na tulisikia kikohozi chake kabla hatujamuona.

Kisa cha kufunika ramani yetu ni hiki. Miaka ile majina yalikuwa yanabadilika kama shati. Leopoldville ikawa Kinshasa, Elizabethville ikawa Lubumbashi, kisha inchi yenyewe ikaitwa Zaire, na muto pia. Inspekta akaja, akauliza, mutoto akajibu jina la zamani, mwalimu akagombezwa mbele yetu. Inspekta alipoondoka, Mwalimu Kibira akasema, "Batoto, twende Amerika. Kule kapitale haibadilikake jina. Ya kwetu unalala nayo, unaamka iko ingine."

Tukaenda. Alitufundisha kwamba kapitale ya jimbo la New York siyo muji wa New York, ni Albany, na tulibishana naye mpaka kengele. Baton Rouge, kapitale ya Louisiana, ni fimbo nyekundu: wanasema wawindaji wa zamani wa kule waliisimika kuonyesha mwisho wa pori ya hawa na mwanzo wa pori ya wale, wakaipaka damu ya nyama. "Hata kwetu," akasema, "mutego wa muntu iko na mupaka yake." Kuanzia siku ile fimbo yake tukaiita Baton Rouge, na alijua. Boise, kapitale ya Idaho, wanasema wazungu walitembea sana mahali pakavu, mara wakaona miti, wakalia: bois, bois, ni kusema miti, miti. Hapo Mwalimu mwenyewe alishindwa. "Muntu analia juu ya muti," akasema, yeye mutoto wa Walikale, akacheka mpaka kikohozi kikamushika.

Sasa jina langu. Nilibatizwa Pierre. Mama alinipa jina la kaka yake aliyekufa kijana, mbali, muti ulimuangukia akipasua mbao. Picha yake haikuwapo, kaburi lake hatukulijua. Lilibaki jina tu, na jina hilo lilikuwa linakula kwetu, linatumwa maji, linachapwa likikosea. Kisha amri ikatoka: majina ya kizungu basi, kila muntu achukue ya mababu. Papa hakuona shida. Alisema, "Utaitwa Bauma, kama baba yangu," akaenda kuangalia ng'ombe. Lakini mama aliacha kuniita kwa jina. Bauma halikumutoka kinywani, na Pierre aliliogopa, maana walisema muntu akisikiwa atapelekwa kwa chef wa kijiji. Alikuwa ananiita na mukono, ao anagonga sufuria. Nami, mutoto, nikafikiri nimemukosea.

Siku moja Mwalimu Kibira akafika Dakota ya Kusini. Akaweka fimbo kwenye ramani, akaniangalia mimi.

"Bauma, kapitale?"

Nikaangalia ramani.

"Pierre," akajibu mwenyewe.

Darasa yote tukaangalia mulango, muntu asitusikie. Akasema tena, pole, kama muntu anayesema leo ni Jumatatu. "Pierre. Kulikuwa mufanyabiashara ya ngozi, aliitwa vile, muji ikabakia na jina yake. Hapa siyo jina ya muntu, ni kapitale. Inspekta hawezi kukataza kapitale. Wote pamoja."

Tukapiga kelele, "Pierre," mpaka vumbi ya nyasi za paa ikatuangukia.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya hesabu, tulisema kapitale, na ya mwisho ilikuwa Dakota ya Kusini, na wa kuulizwa ni mimi. Dirisha letu lilikuwa tundu katika udongo, bila kioo. Asubuhi moja rafiki yangu Mushesha njo aliyenigusa. "Mama yako iko pale." Alikuwa amesimama njiani, jembe mukononi, kikapo mugongoni, anaangalia mbele kama anayengoja mwenzake. Njia ya shamba letu haikupita kule. Tukasema Pierre. Akarekebisha kamba ya kikapo kwenye paji la uso, akaenda. Kesho yake alikuwa pale tena. Mwalimu hakuangalia dirisha hata siku moja. Kama mama alimuomba jina lile lisemwe, ao ni yeye mwenyewe aliyefikiri, sikuuliza, na wote wawili hawako tena.

Machungani wenzangu wakanishika sasa na utani. "Dakota, kwenu kumenyesha?" "We kapitale, rudisha ng'ombe." Jina likapanda mpaka nyumbani. Jioni moja, baada ya siku nyingi za mukono na sufuria, nikasikia sauti ya mama: "Dakota, kuja, maharagi inapoa."

"Dakota ni nani?" papa akauliza.

"Ni mambo ya masomo," akasema mama, akanipakulia.

Baadaye sana serikali ikaruhusu tena majina ya ubatizo. Mama alikuwa ameshakufa, na karatasi zangu zote zilisema Bauma. Sikufuata. Nilichoka, na tena nani angeniita?

Leo niko Mubi, katika pori ya Walikale, kwao na Mwalimu Kibira. Vita ilitutoa Mushaki, tukashuka, tukapanda, tukaingia pori, na Mushesha, wa mwisho aliyeniita Dakota, tulimuzika njiani. Hapa ni joto, pikipiki na matope ya malori. Binti yangu Mapendo alitoka kambi ya wakimbizi ya Uganda akapelekwa Amerika, muji anaouita Dimoini. Ilichukua muda nielewe ni Des Moines, muji wa watawa, Mwalimu Kibira alisema, ingawa aliongeza kwamba wengine wanasema ni jina la watu waliokuwa pale mbele ya wazungu. Juzi mchana Mapendo akapiga kwa simu ya jirani.

"Papa, mutoto wangu Neema anasoma kapitale shuleni. Mumuulize."

Nikasahau uchovu kidogo. Nikamuuliza Idaho, akajibu. Louisiana, akajibu. Kisha nikasema, "Dakota ya Kusini?"

"Pir."

"Pierre," nikasema.

"Hapana, Koko," mujukuu wangu akasema. "Mwalimu wetu anasema Pir."

"Papa, mumuache," Mapendo akasema, "huku wote njo wanasema vile."

Basi hata kule kapitale inabadilika jina, Mwalimu wangu. Nikamuambia mutoto, "Furahisha koko yako. Sema Pierre, na nguvu." Akacheka, akalisema na nguvu, kama muntu anayeita kutoka kilima cha ng'ambo.

"Papa, Pierre ni nani?" Mapendo akauliza.

"Ni kapitale," nikasema.

Zamani zetu jina lilikatazwa, na darasa nzima ikalisema kila asubuhi. Leo hakuna anayelikataza, na limebaki na kinywa kimoja, cha mutoto ambaye hajui anaita nani. Nikarudisha simu kwa mwenyewe. Shamba ninalolima huku ni la wengine na liko mbali. Nikaweka kikapo mugongoni, nikarekebisha kamba kwenye paji la uso, nikaenda.