Suruali nyeupe ya Salim imetoka pinki

Jamani, leo nimemfulia mwanangu balaa!

Salim anacheza kriketi Uingereza, ndiyo kazi yake. Juzi kaja kunisalimia hapa ninapoishi, Laeken, ng'ambo ya bahari kutoka kwake. Nikaiona suruali yake nyeupe ya kriketi, nikaitia kwenye mashine pamoja na kitenge kipya chekundu nilichonunua Matonge, kwenye maduka ya Waafrika.

Imetoka pinki. Pinki kabisa!

Na treni yake ya kurudi Uingereza, ile ipitayo chini ya bahari, ni jioni hii hii. Nikaisugua kwa ndimu huku nalia.

"Watakufukuza kwa sababu yangu, baba!"

Akacheka. "Mama, hiyo ni ya mazoezi tu." Halafu akaikunja, akaitia begini. "Ila kesho nikicheza vibaya, mkataba ndiyo basi."

Hakuwahi kuniambia.

Kaondoka nayo hivyo hivyo, na mimi sikai, sisimami.

Mnaojua kutoa rangi, subirini. Mnaojua kuomba, mwombeeni.