Daftari la Dakta Kesho

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yule binti kamba yake niliiona siku ya kwanza. Alikuwa ameshapata nafasi chuo cha udaktari, masomo yaanze baada ya mwaka. Badala ya kukaa kwao apumzike, akaja kujitolea hospitalini kwetu, tena akaomba mwenyewe awekwe chumba cha kufulia. Jamani, nani mwenye akili timamu anaomba mashuka ya damu bila mshahara? Nilipomuuliza, akasema hataki mwaka wake upite bure, na kwamba akishakuwa daktari hakuna atakayemwonyesha huku nyuma. Jibu tamu mno. Machale yakanicheza, nikambandika jina la Dakta Kesho.

Mimi ni mpiga pasi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wananiita Mikono Chuma. Wenzangu hudondoshea pasi maji wajue kama imepata moto. Mimi naweka kiganja, nahesabu moja, mbili, natoa, nao wanacheka. Nilikuwa naamini mwili umeshazoea kazi. Kwa mikono hii nimesomesha watoto watatu peke yangu, na kitinda mimba bado yuko shuleni.

Sasa mwaka huo msimamizi alikuwa ametutangazia kwamba ikifika Desemba mmoja wetu atapunguzwa. Mkubwa kwa umri ni nani pale? Ni mimi. Halafu ndiyo anatokea binti mwenye adabu zake, anakunja foronya vizuri kuliko watu wa miaka kumi, na mfukoni ana kidaftari cha bluu. Ananitazama, anaandika. Nikigeuka, anajifanya anahesabu mataulo. Nikaanza kuvaa mikono mirefu nifiche alama za kuungua, na nikipiga pasi nampa mgongo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

Alhamisi moja alipeleka mashuka wodini, koti akaliacha msumarini. Sikujivunga, nililipekua. Ukurasa mzima ulikuwa wangu mimi. Kaandika: Jumatatu, kiganja cha kulia, hakushtuka. Ijumaa, vidole viwili, lengelenge, hakujua mpaka nilipomwonyesha. Jumanne, kiatu cha kushoto kimemvuka, ameendelea kutembea.

Damu ilinichemka. Aliporudi nilimsubiri mlangoni na daftari lake mkononi.

"Nani kakutuma?"

Akasema hakutumwa na mtu. Akasema wiki nzima alikuwa anatafuta namna ya kuniambia, ila yeye si daktari bado, na aliogopa kunitia hofu ya bure. Maneno hayo nilimwambia akamwuzie msimamizi wake. Hakubisha. Aliniomba kitu kimoja tu: nikae, niweke mikono juu ya meza, nifumbe macho, na kila akinigusa niseme.

Nikakaa ili nimkomeshe. Nilifumba macho, nikasubiri. Nikaisikia mashine ya kukamulia ikizunguka mpaka ikasimama. Nikamsikia mwenzetu mmoja akikung'uta shuka kule dirishani. Mguso wa binti, hakuna. Nikajua ananichezea shere, anasubiri wenzangu waingie wanikute nimekaa kama mtoto wa chekechea.

"Gusa basi, Dakta Kesho. Nina mashuka yananisubiri."

"Nimeshakugusa mara nne, mama."

Nikafumbua macho. Kidole chake kilikuwa bado juu ya changu.

Sifichi, niliogopa. Niliitazama mikono yangu yote miwili, nikaona ni yangu na si yangu. Kisha nikaenda kuchomoa pasi kwenye umeme, nikamwambia anisindikize kule mbele kwa madaktari, na daftari lake alichukue.