Nilivyomjibu Mfiwa kama Waziri Mkuu wa Ireland

Naona haya hata kuianza, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko mitaani, maana huko mtaa wa Mount Dennis nasikia imeshatiwa chumvi mpaka wanasema nilivaa joho. Sikuvaa joho. Nilivaa koti la suti nililonunua kwa ajili ya mahafali ya binti yangu, nikashika faili la buluu, na mbele ya watu kama sabini nikamwambia rafiki yangu wa utotoni, aliyefiwa na mama yake, kwamba swali lake aniletee kwa maandishi. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, sijapunguza kitu.

Chanzo ni Ireland. (Najua, hata mke wangu alicheka.) Kazi yangu hapa Toronto ni kutunza wazee majumbani, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia ule uji wao usio na sukari, na mmoja wao ni Mzee Declan, Mwairishi anayeishi peke yake karibu na Don Mills. Mzee huyu mpira hautaki, tamthilia hazitaki, starehe yake ni bunge la kwao. Saa moja asubuhi kwetu ni saa sita mchana Dublin, na Jumatano saa hiyo kiongozi wa serikali yao anasimama kujibu maswali ya wapinzani, basi mimi namlisha uji huku sote wawili tunakodolea kompyuta. Mwanzoni nilikuwa nasinzia. Halafu nikanogewa. Wapinzani wanamrukia yule bwana kila upande, nyumba hakuna, watoto wanangoja upasuaji miaka, na yeye katulia tuli, anafunga kifungo cha koti, anafungua faili, anamshukuru muulizaji, anasema anaelewa uchungu wa familia husika, anakumbushia waliomtangulia madarakani walifanya nini, na likiwa ni jambo la mtu mmoja anasema taarifa zake hana mbele yake, aletewe kwa maandishi atalifuatilia. Spika anapiga kengele, bwana anakaa. Mzee Declan kila mara anasema kwa Kiingereza chake cha kuimba, "Hajajibu kitu huyo." Mimi sikuyasikia hayo, mimi nilikuwa naangalia koti.

Sasa wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa umoja wetu wa Waswahili (Watanzania wengi, Wakenya kiasi, na Wakongo wachache ambao nadhani wanafuata pilau). Na mimi nilikuwa na mpinzani wangu, Bi. Zuhura wa Mombasa, mama anayefanya kazi ofisini kule Markham na ambaye katika kila mkutano, tukifika kwenye "mengineyo", ananikalia kooni: ukumbi mdogo, sikukuu imechelewa, wanawake ndio wanaopika na wanaume ndio wanaoshukuriwa. Nilikuwa nababaika, natoka jasho, napiga kelele. Basi nikaona dawa nimeipata. Nikatangaza kwamba mkutano ujao hakuna mengineyo, kutakuwa na Maswali kwa Mwenyekiti, kila muulizaji dakika moja, kengele ikilia anakaa, mimi najibu. Nikanunua kengele ya mezani, nikampa katibu wetu Joyce, Mkenya mwenye msimamo mkali kuhusu saa. Nikaandaa faili lenye vichwa: Ukumbi, Sikukuu, Jikoni, Misiba. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, mke wangu akapita akaniangalia.

"Baba Naima," akasema, "wale ni watu wako, si wapinzani."

Nikamwambia siasa hajui.

Hapo ndipo inabidi niwaeleze habari za Mbwana. Mbwana na mimi tumekulia mtaa mmoja Tanga, ukuta kwa ukuta, na mama yangu alipokuwa akienda sokoni kuuza vitambaa vyake kutwa nzima, mimi nilikuwa nakula kwa mama yake Mbwana. Si kula ya mgeni. Alikuwa ananifinya sikio kama mwanawe, ananitoa funza, ananificha baba akinitafuta na fimbo. Kanada tulikuja mmoja baada ya mwingine, mimi kwanza, Mbwana akafuata, na nilipogombea uenyekiti yeye ndiye aliyesimama kulipendekeza jina langu, mtu ambaye hata kuagiza chai mbele za watu anaona haya.

Wiki tano kabla ya mkutano mama yake akafariki. Makaratasi ya Mbwana yalikuwa bado yanashughulikiwa, akitoka nchini harudi, kwa hiyo mama akazikwa bila yeye, na matanga yakawekwa hapa, kwenye nyumba yake ya ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park. Mtu wa kwanza kupigiwa simu nilikuwa mimi. Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi." Kisha nikatuma tangazo kwenye kundi la simu, lile lenye picha ya maua, nikaweka na cheo changu chini.

Nilikwenda kweli. Hili ndilo watu hawalijui. Siku ya hitima nilifika mpaka chini ya jengo, nikapata nafasi nzuri tu ya kuegesha, nikakaa ndani ya gari dakika ishirini nikiwaangalia watu wakiingia na masufuria, na sikushuka. Nilijua nikimwona Mbwana nitalia kilio cha mtoto mdogo, cha kamasi, na nikajiuliza mwenyekiti atalia vipi hivyo mbele ya wanachama (yaani kichwa changu kilikuwa kimefika huko!). Nikasema nitakuja kesho watu wakipungua. Kesho nikaitwa kazini, keshokutwa nikaona nimechelewa mno, na kila siku iliyopita ikaifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, mpaka nikawa napita duka jingine la mboga nisije nikakutana naye.

Basi siku ya mkutano ikafika, Jumapili mchana, ukumbi wa chini wa jengo jirani na la Mbwana, viti vya kukunja, chai ya maziwa. Nikafunga kifungo. Bi. Zuhura akaanza na ukumbi, nikamshukuru kwa swali lake zuri, nikamkumbushia kwamba uongozi uliopita, ambao yeye alikuwa mweka ratiba wake, uliwahi kutukodishia chumba kisicho na choo, watu wakaangua kicheko. Akaja na sikukuu, nikampiga chenga. Akaja na jikoni, kengele ikamkata katikati. Jamaa zangu wawili niliowapanga kiti cha mbele wakagonga meza. Jamani, raha niliyoisikia! Nilitamani Mzee Declan angekuwepo.

Ndipo mkono ukanyooshwa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaona ni Mbwana.

"Mimi si msemaji," akaanza, na sauti yake ilikuwa chini hata watu wakageuza viti. "Nataka kuuliza tu. Mama alipokufa, wewe ndiye mtu wa kwanza niliyekupigia. Ukanambia unakuja. Siku tatu mlango wangu sikuufunga, kila lifti ikifunguka mke wangu ananambia huyo atakuwa Hamisi. Mama yangu wewe alikulea, yule mama..."

Kengele ikalia.

"Muda, ndugu yangu," Joyce akasema (simlaumu, mimi ndiye niliyemwambia asimwonee mtu haya). "Uliza swali tu."

Mbwana akamwangalia, akaniangalia mimi. "Swali ndilo hilo. Ulikuwa wapi?"

Kwetu sisi, nyinyi mnajua, hilo si swali. Mfiwa akikuuliza ulikuwa wapi anakupa nafasi ya kusema nimekosa, unamfuata alipo, unamshika mkono, mnalia, yameisha. Mtoto wa miaka kumi analijua hilo. Lakini mimi macho yalikuwa yameanza kuniuma, na mkononi nina faili, na kwenye faili kuna kichwa kimeandikwa Misiba. Nikafungua. Nikasoma.

"Namshukuru mheshimiwa kwa swali lake muhimu. Uongozi unatambua uchungu wa familia husika na unatoa pole kwa yeyote aliyeguswa. Ikumbukwe hata hivyo kwamba suala la misiba halikuanza na uongozi huu, na wanaotulaumu leo wajiulize wao walifanya nini walipokuwa na nafasi. Kuhusu jambo hili mahsusi, sina taarifa zake mbele yangu. Mheshimiwa aniletee kwa maandishi, nitalifuatilia."

Na wale jamaa zangu wawili, Mungu awasamehe, wakagonga meza.

Waligonga mara mbili tatu hivi wakaacha, mmoja akabaki na ngumi hewani. Mtoto alikuwa anakunywa soda kwa mrija, mlio wake ukasikika ukumbi mzima. Aliyesimama ni Bi. Zuhura, na nikajiandaa kwa shambulio, lakini hakunishambulia, macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mwenyekiti," akasema taratibu, "mtu kafiliwa na mamake." Basi. Nikalifunga faili. Mbwana akakikunja kiti chake, akakiegemeza ukutani na vingine kama tunavyofanya siku zote, akavaa jaketi lake akatoka.

Kumbe mtu alikuwa anarekodi. Kabla hatujamaliza kuosha vikombe video ilikuwa imeshafika Tanga, dada yangu akanipigia analia, "Hamisi, ni mama huyu huyu wa jirani? Huyu huyu aliyekuwa anakupa wali?" Nikamwambia ndiye. Akakata simu.

Uenyekiti niliuacha wiki ile ile, kwa ujumbe wa mistari miwili, na Jumamosi nikapanda ghorofa ya kumi na moja. Mbwana mwenyewe alinifungulia. "Karibu, Mwenyekiti," akasema, bila kejeli, kwa heshima kabisa, na tangu utoto hajawahi kuniita kwa heshima. Mkewe akaleta chai na visheti. Nikamweleza yote, gari, dakika ishirini, kilio nilichokiogopa. Alisikiliza mpaka mwisho, akinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshanyooka.

"Watu walijaa hapa," akasema. "Sisemi uongo, walijaa. Wakongo walikuja, Wakenya walikuja, Zuhura alikaa jikoni siku mbili. Wote wananambia pole, mama alikuwa mtu mwema. Wamejuaje? Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Mimi nilikuwa nangoja mtu mmoja, Hamisi, niliyeweza kumwambia unakumbuka anavyocheka, naye akakumbuka kweli."

Hapo nililia, kile kile kilio cha kamasi, nikamwambia nimekosa, nisamehe. Akasema keshasamehe, na ninaamini kasamehe, maana hana kinyongo yule mtu. Lakini yeye hakulia. Alikuwa ameshamaliza, peke yake.

Sasa ndugu zangu, nimeapa: mtu akinilaumu nasema nimekosa kabla hajavuta pumzi, na pa msiba naingia nikiwa nalia, wanaotaka kucheka wacheke. Mimi na Mbwana tunasalimiana vizuri, sikukuu tunapelekeana chakula, watoto wetu wanacheza pamoja kwa Kiingereza chao. Ila mama yake hatujamtaja tena, na Toronto nzima ni sisi wawili tu tunaomjua.