Hongera za Kila Jumatatu

Kazini walimwita Kobe. Wengine walisema ni kwa sababu ya begi la kompyuta ambalo halikumbanduka mgongoni, wengine walisema ni mwendo wake. Mwenyewe hakuwahi kuuliza, maana mtu aliyechoka hachagui jina. Na mwezi ule wa mwisho wa kumsubiri mtoto wao wa kwanza, alikuwa amechoka uchovu ambao hata kulala hakuuondoi.

Mkewe, mwalimu wa darasa la pili aliyekuwa likizo ya uzazi, hakuwa tena na upande wa kulalia. Akigeuka, kitanda kizima kinageuka naye. Mama mkwe, aliyekuja kumwangalia bintiye, alikuwa akiamka alfajiri na kuzipanga sufuria kana kwamba zimemkosea. Basi Kobe akifika kazini saa mbili asubuhi, macho yake yalikuwa mekundu, na neno lake la kwanza lilikuwa mwayo.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu. Ofisi yao, vyumba vitatu juu ya duka la miwani, ilitengeneza mfumo wa kuwatumia wajawazito ujumbe kwenye simu. Maneno aliyaandika muuguzi mmoja mstaafu, mama mkali aliyejua kazi yake. Kobe aliandika mtambo wa kuyatuma, kila mama kwa wiki yake, kila Jumatatu saa tatu kamili. "Hongera mama! Leo umefikisha wiki ya thelathini." Mkewe naye alijiandikisha. Jumatatu moja alimpigia simu akicheka: "Baba mtoto, programu yako inasema nimefika wiki ya thelathini na saba. Mwambie miguu yangu imefika ya sabini."

"Leo saa nane kliniki," akamkumbusha. "Usinifanyie kama mwezi uliopita."

"Nitakuja. Safari hii nitakuja."

Hakuwa ameirudisha simu mezani, dada wa mapokezi akachungulia mlangoni.

"Kobe, kuna mama yuko chini. Alishapiga simu mara mbili wiki zilizopita, nikamwambia tutashughulikia. Leo kaja mwenyewe. Mimi sina la kumwambia tena."

Aliyepandishwa juu alikuwa mwanamke wa rika la mkewe, amevaa sare ya wahudumu wa benki, kadi ya kazi bado iko kifuani. Hakukaa. Aliweka simu yake juu ya meza, akaisogeza mbele ya Kobe kwa kidole kimoja.

"Soma."

Kobe akasoma. Hongera mama, leo umefikisha wiki ya thelathini na tatu. Mtoto sasa anaisikia sauti yako, zungumza naye.

"Mtoto wangu alitoka wiki ya ishirini na nane," mwanamke akasema. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama mtu anayesoma namba. "Hakulia. Hii ni Jumatatu ya tano mnanipa hongera. Nimewajibu ACHA. Nimewajibu BASI. Wiki iliyopita nimewajibu tusi, Mungu anisamehe. Hakuna anayesoma huko?"

Hakukuwa na anayesoma. Kobe alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Mfumo ulielewa majibu mawili tu, NDIYO na HAPANA. Mengine yote uliyatupa kwenye faili ambalo hakuna aliyelifungua. Na mimba, kwa mujibu wa programu yake, ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea: kujifungua. Akakumbuka kikao cha mwaka jana. Yule muuguzi mstaafu alikuwa ameuliza, "Na ikiharibika je?" Kobe, huku akitazama saa, akajibu kwamba hilo litaingia kwenye toleo la pili. Toleo la pili halijaanza mpaka leo.

"Pole sana, dada," akasema. Neno likamtoka jepesi mno, akalionea haya.

"Nani anayatuma haya?"

Angeweza kusema ni kompyuta. Angesema kweli, na kesi ingeishia hapo.

"Mimi. Mimi ndiye niliyeandika programu."

Mwanamke akamtazama kwa mara ya kwanza, kuanzia macho mekundu hadi shati ambalo halikupigwa pasi.

"Kumbe wewe ndiye niliyekutukana," akasema. Kisha akavuta kiti, akaketi. Barabarani gari la taka lilikuwa likirudi nyuma, likilia pi, pi, pi.

"Una watoto?"

Kobe akatamani swali hilo aulizwe mtu mwingine. "Mke wangu ana wiki ya thelathini na saba. Ni wa kwanza."

Uso wa mwanamke ulikunjamana kidogo, ukanyooka. Akachukua simu yake, akasimama.

"Mungu amfikishe salama," akasema, na kwa jinsi alivyolisema neno hilo, Kobe alijua alikuwa amelibeba kutoka mbali.

Kobe aliifuta namba ya mwanamke huyo kwenye mfumo, kwa mkono wake, kabla hajafika barabarani. Kisha akafungua lile faili la majibu yaliyotupwa. ACHA. Basi jamani. Amefariki. Msinitumie tena. Nawaomba. Akahesabu wanawake arobaini na mmoja, akaacha kuhesabu.

Mkuu wao, ambaye kila mtu alimwita Madam, alikuja saa tano kuuliza michoro ya ripoti imefikia wapi, kwani Alhamisi walikuwa na wageni.

"Sijaigusa, Madam. Leo natengeneza njia ya watu kujitoa."

"Hiyo iko toleo la pili."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiweka huko."

"Kobe, wageni wanakuja Alhamisi, na hao kina mama wapo siku zote."

"Ndiyo ubaya wenyewe, Madam. Wapo siku zote, na Jumatatu ijayo tutawapa hongera tena."

Madam akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mabosi wake. "Basi angalau mfumo uwaulize sababu ya kujitoa. Tutahitaji takwimu."

Kobe akampigia simu muuguzi mstaafu, akaweka sauti juu ili Madam asikie. Muuguzi hakuzunguka. "Msiulize kitu. Mtu akisema acha, acheni. Mwandikieni: Tumesikia. Hatutakutumia tena. Hayo yatosha. Maneno matamu mimi ninayo mengi, lakini hapo si mahali pake." Kisha akaongeza, "Nilikuuliza mwaka jana, kijana."

"Uliniuliza, mama."

Madam akarudi chumbani kwake. Kobe akaandika, akajaribu, ikakataa, akaandika upya. Kwa uchovu ule alisahau mabano mahali pamoja, akalitafuta kosa hilo saa nzima huku likimkodolea macho. Ilipokubali, akawatoa wanawake wote wa lile faili. Saa ya ukutani ilisema kumi na robo, na simu yake ilikuwa na miito sita ya mkewe.

Nyumbani alimkuta amekaa, miguu ndani ya beseni la maji. Mama mkwe akaitikia salamu, akajitia shughuli jikoni.

"Nimekwenda na mama," mkewe akasema. "Programu yako ilinikumbusha kliniki. Wewe mwenyewe hukunikumbuka."

Kobe alikaa sakafuni kando ya beseni, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kutunga uongo, akamsimulia yote. Alipofika kwenye wiki ya ishirini na nane, sufuria zilinyamaza jikoni. Mkewe alisikiliza mkono ukiwa tumboni.

"Alikuja peke yake?" akauliza mwishoni.

"Peke yake."

Mkewe akatoa mguu mmoja majini. "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Lakini nitoe na mimi kwenye hizo jumbe. Nikitaka kujua mtoto anaendeleaje, nitamuuliza mwenyewe."

Alhamisi wageni walikuja, michoro ikawa nusu, Kobe akapata barua ya onyo. Aliisoma mara moja, akaikunja. Jumatatu iliyofuata, wanawake wote aliowatoa hawakupokea kitu, wala hakuna aliyepiga simu kushukuru.

Jumatano yake, adhuhuri, mkewe alijifungua mtoto wa kike baada ya uchungu wa saa kumi na tisa. Kobe alikuwa amesinzia kwenye benchi la wodi, kichwa ukutani. Mama mkwe alimtikisa hadi shingo ikauma. Akaingizwa, akapewa kitu chepesi, chenye joto, kilichokunja uso kama mtu aliyeamshwa bila ruhusa. Mkewe alikuwa amefumba macho. "Mshike kichwa," akanong'ona bila kuyafumbua.

Mkunga alikuwa akijaza daftari kubwa kwa kalamu.

"Baba mtu, kazi?"

"Naandika programu."

Mkunga akaandika: mwandishi. Kobe aliona, akafungua kinywa amsahihishe, ukatoka mwayo. Akamwacha.