Jiwe Juu ya Gazeti

Baba aliamua kumnunulia mama pete mwaka ule alioacha kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Mnyuzi. Walikuwa wameoana zamani bila pete, na mama hakuwahi kuidai. Ila baba alikuwa ameona mkononi mwa mke wa karani wa shamba pete ya fedha yenye jiwe jekundu, na tangu siku hiyo jambo hilo halikumtoka. Tulikuwa tumeshapangiwa kiwanja Mazingara, Handeni, katika kijiji kipya cha ujamaa, naye alitaka pete ipatikane kabla hatujahama.

Wakati huo nilikuwa nashona nguo kwa fundi cherehani mmoja pale Korogwe, kwa hiyo mimi ndiye niliyewapeleka kwa mkata vito. Alikuwa Msambaa wa Dindira, mtu wa makamo, aliyejifunzia kazi Tanga. Alimwamkia baba shikamoo, akatutolea vigoda barazani, kisha akakunjua kitambaa cheupe chenye mawe mekundu machache yaliyokwisha kukatwa. Mengine yalitoka bonde la Umba, mengine huku kwetu Handeni.

Hakutaka tuyaangalie ndani. Alisema mwanga wa taa una wekundu wake, hulipamba jiwe jekundu kuliko lilivyo, na jua kali nalo hulidanganya jicho. Rangi huangaliwa mchana, kivulini. Nilimwelewa upesi, maana hata sisi mafundi wa nguo tulikuwa tukitoka mlangoni kulinganisha uzi na kitambaa.

Baba aliyapapasa mawe kwa ncha ya kidole, akachukua kubwa kuliko yote. Lilikuwa pana na bapa. Pembezoni rangi yake ilikuwa nzuri, lakini katikati lilipauka kama kanga iliyofuliwa sana. Nikamwambia hivyo. Akajibu kwamba mimi nimezoea vitambaa.

Mkata vito hakubishana naye. Aliingia ndani akarudi na kipande cha gazeti, akakitandaza juu ya kigoda, akaliweka jiwe uso juu kwenye maandishi. Alieleza kwamba jiwe lililokatwa vizuri huurudisha mwanga juu, kwa aliyelivaa. Likikatwa tumbo lake, yaani upande wa chini, likawa jembamba, mwanga hupenya ukatokea chini, na hapo mtu anaweza kuona herufi kupitia katikati yake.

"Hili nililikata mwenyewe," alisema. "Niliona uchungu kulipunguza upana, nikaliharibu. Mzee, angalia. Unaona herufi?"

Baba aliinama, akainama tena.

"Sioni kitu," alisema. "Ni zuri."

Mimi na mama tulikuwa tunaziona herufi waziwazi. Fundi alitutazama, kisha akaliondoa jiwe taratibu, akamwomba baba amsomee kichwa cha habari kilichokuwa pale, chenye herufi nene.

Baba alilisogeza gazeti karibu na uso, kisha akalirudisha kigodani. Kule shambani yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake magazeti wakati wa mapumziko. Miezi ya mwisho alikuwa akinipa mimi nisome, akisema amechoka, nami nikaamini kwamba ni uchovu. Sasa nilielewa pia kwa nini aliacha kazi kabla mtu yeyote hajamwambia aache.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu kabla ya mvua za vuli. Naona kama moshi."

Nilidhani mama atasimama turudi nyumbani. Hakusimama. Alivuta kitambaa karibu yake, akaanza kuyainua mawe moja moja mbele ya uso wa baba, akiyageuza huku na huku. Moja lililokolea hadi kuwa jeusi jeusi baba hakuliona kabisa. Lililofuata alisema ni giza tu. Kisha mama akainua dogo, la duara, lenye rangi ya juisi ya rozela, naye baba akashika mkono wake ili usiondoke.

"Hili linameta," alisema. "Rangi siioni sawasawa, lakini linameta kila upande."

Fundi alinipa nilikague. Rangi ilikuwa sawa kutoka ukingo hadi ukingo, bila mawingu, na nilipolilaza juu ya gazeti sikuona hata nukta. Mama akasema atavaa hilo. Baba alinung'unika kwamba ni dogo, ila hakulipinga.

Kabla pete haijafungwa jiwe lake tulimpeleka baba hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimpasua jicho moja kwanza, na alipofunguliwa bandeji na kupewa miwani mizito, kitu cha kwanza alichoomba ni mkono wa mama, ambao sasa ulikuwa na pete. Aliukagua muda mrefu.

"Kumbe lina uzambarau kidogo," alisema.

"Ndiyo rangi yake," mama akajibu.

Baba alikuwa amelidhania jekundu kabisa. Alikaa na jambo hilo moyoni siku nzima, kesho yake akasema uzambarau ule si mbaya.

Tulihamia Mazingara muda mfupi baadaye. Siku za kulima shamba la kijiji mama alivua pete akaifunga kwenye pindo la kanga, na baba alishika mstari wa jirani naye, akisimama kila mara kufuta jasho kwenye miwani.