Mstari wa Pili

Kavuo alikuwa anajifunza Java katika darasa la kompyuta kule Vulamba, Butembo. Kwa zoezi alichapa ukurasa wa daftari la marehemu baba yake kama ulivyo, kila mtoto na mstari wake, akaiamuru programu isome faili hilo mstari kwa mstari, ihesabu mistari, na kuandika yote katika faili jipya. Ikaandika Masika, jina la dada yake mkubwa, ikakoma.

"Na mimi niko wapi?" akafoka.

Mwalimu Jordy akainama kutazama. "Mama, uliiambia isimame ikikuta mustari mutupu. Lakini mustari mutupu haiko mwisho wa faili. Na yenyewe ni mustari."

Kavuo akarekebisha. Mashine ikaandika Masika, ikaandika ule utupu kwa uangalifu uleule, kisha Kavuo, na kando yake namba: 3.

Kwa Wanande, kabila lao, binti wa pili huitwa Kavira, wa tatu Kavuo. Nyumbani kwao mabinti walikuwa wawili tu; yeye aliambiwa amerithi jina la nyanya yake.

Akampigia mama yake simu.

"Mama, Kavira alikuwa nani?"