Taa Iliyoshindwa na Joto la Wampembe

Coleta aliiweka taa juu ya meza ya shemeji yake Sadoki, fundi redio wa Sumbawanga. Ilikuwa mara ya tatu kuirudisha. Sadoki akabonyeza swichi. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka.

"Mbona inafanya kazi?"

"Hapa kwako inafanya. Kule ziwani Wampembe jua likizama inakodoa tu bila kukonyeza, kama mchawi aliyefumaniwa."

Sadoki hakucheka. Tangu mdogo wake Stephano agongwe ziwani akiwa hana taa, vicheko vilimpita kando, na vilio vivyo hivyo. Msibani alishika koleo, akafukia, akanawa mikono. Kisha akakaa akaunda taa hii kwa vipuri vya redio mbovu, ndani ya kopo jeusi, ili Coleta, mjane wa Stephano, aendelee kubeba abiria kwa mtumbwi ule ule.

Ziwani, taa iliyotulia ni ya mvuvi wa dagaa aliyesimama. Wenye haraka humkatiza mbele. Inayokonyeza ndiyo husema: niko safarini, nipishe.

"Nahodha wangu hatoki na hii," Coleta alisema. "Ikigoma tena nauza mtumbwi, narudi kijijini Kate kulima ulezi."

"Sawa."

"Sawa nini, shemeji? Niuze?"

"Natengeneza."

Alipima betri, akavutavuta nyaya, akasugua swichi. Vyote vizima. Coleta, ambaye baridi ya huku juu mlimani ilimtetemesha, alivuta jiko la mkaa karibu na miguu yake, karibu na kigoda ambacho juu yake Sadoki alikuwa ameiegesha taa. Wakanywa chai.

"Ndiyo hiyo!" Coleta alipiga kelele. "Iangalie!"

Taa ilikuwa imekodoa.

Sadoki akaipeleka mlangoni, kwenye upepo. Baada ya muda ikaanza kukonyeza. Akairudisha karibu na jiko, ikakodoa. Transista kuukuu za redio, zilizopaswa kuukata umeme na kuurudisha, zilivujisha zikipata joto, taa ikakosa nafasi ya kuzima. Naye majaribio yote aliyafanyia hapa, amevaa sweta. Hakuwaza kwamba Wampembe kopo jeusi hushinda juani kutwa.

"Kumbe umetengeneza taa ya Wafipa wa mlimani," Coleta alisema. "Ikishuka ziwani inaugua."

Sadoki alizing'oa transista zile, akachomelea mpya, akaiacha juu ya jiko hadi kopo likawa halishikiki. Ilikonyeza bila kusita.

"Hata hufurahi?"

"Nafurahi," alisema Sadoki, akikunja waya uliobaki.

Kesho yake jioni simu ya Sadoki iliita. Injini ilinguruma nyuma ya sauti ya Coleta.

"Inakonyeza, shemeji! Wenye mitumbwi wanatupisha. Sasa hivi tumepita pale alipogongwa mdogo wako. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Sadoki aliishikilia simu sikioni, akiisikiliza injini, mpaka mtandao ulipokatika.